Amana ya Mtu Aliyelala

Januari, kwenye nyanda za North Dakota, joto hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Lori likizimwa injini, pumzi za aliyemo huganda kwenye vioo na kwenye bati kwa ndani. Nyuma ya kiti cha dereva kuna kitanda, na kitandani kuna mtu, kwa sababu sheria ya Marekani inamtaka dereva wa mizigo apumzike saa 10 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuendesha saa nyingine 11. Siku hizi si ajabu mtu huyo akawa anaota kwa Kiswahili. Katika vituo vya malori kando ya barabara za I-94 na I-80 utakisikia Kiswahili cha Bukavu, cha Eldoret, cha Bujumbura na cha Tanga. Ni watu waliokulia mahali ambapo baridi hutibiwa kwa shuka la pili, na sasa wanalala peke yao katikati ya theluji, mbali na kila anayewajua kwa jina. Kinachowafikisha asubuhi ni hita ndogo ya dizeli iliyofungwa chini ya kitanda, yenye bomba la moshi linalotoboa sakafu na kutokea nje.

Naandika juu ya bomba hilo, na hasa juu ya kitu kidogo zaidi: kihami, yaani kile kitambaa kinachozungushiwa bomba ili joto lake lisiunguze vitu vya jirani. Najua hakuna anayekisifia. Mtu akinunua hita huuliza nguvu yake, kelele yake, na kiasi cha dizeli inachokunywa. Kitambaa hukumbukwa mwishoni, na mara nyingi hufungwa kwa kipande chochote kilichobaki. Lakini mimi naamini kwamba kazi anayofanyiwa mtu atakayelala ni amana nzito kuliko amana ya fedha. Mwenye fedha huamka akazihesabu. Aliyelala hanusi wala hachungulii. Pumzi zake amemkabidhi yule aliyekaza klipu. Na katika hita nzima, sioni mahali ambapo ni rahisi kuikhini amana hiyo kama penye kitambaa, kwa kuwa kazi ya kitambaa ni kufunika.

Hita hizi zina mikondo miwili ya hewa. Mmoja huvutwa kutoka nje, huchanganyika na dizeli inayoletwa kidogo kidogo na pampu yenye mlio wa tik-tik, huwaka ndani ya chumba kidogo cha chuma, kisha hutolewa kwa bomba la moshi. Mwingine huvutwa kutoka ndani ya kibanda, hupita juu ya mapezi ya alumini yaliyopashwa na moto ule, na kurudi ukiwa na joto. Mikondo hiyo haitakiwi kukutana hata kidogo. Usalama wote uko hapo. Dereva anataka joto la moto bila pumzi ya moto, na ufundi wa kuvitenganisha viwili hivyo umechukua watu miaka mingi. Kampuni mbili za Kijerumani zilizoueneza, Eberspächer na Webasto, zote zilianzia katika mji wa Esslingen, ya kwanza mwaka 1865 na ya pili mwaka 1901, zikifanya kazi za mabati na vyuma kabla ya kufikia hita za magari. Leo hita za Kichina za namna hiyo huuzwa kwa dola mia moja na kitu, na katika boksi moja utakuta bomba, sailensa, klipu, na wakati mwingine soksi nyembamba ya faibaglasi. Bei hiyo imewapa usingizi wa joto watu wengi ambao wasingeumudu. Imewafanya pia watu wengi wajifungie hita wenyewe, usiku, kwa tochi ya simu.

Siwalaumu. Hesabu yenyewe inawasukuma. Injini ya lori kubwa ikiachwa inaunguruma ili ipashe kibanda, hunywa karibu lita 3 za dizeli kwa saa, ambazo kwa mapumziko ya saa 10 ni lita 30. Hita ya kilowati 2 hunywa kati ya moja ya kumi ya lita na robo lita kwa saa, kwa hiyo usiku kucha haifikishi lita 3. Zaidi ya hayo, California tangu 2008 inawakataza hata madereva wenye vitanda kuacha injini ikiunguruma zaidi ya dakika 5. Anayemlipia mama yake matibabu Goma au mdogo wake ada Kitale ataiona tofauti hiyo kwenye bahasha ya mwisho wa mwezi.

Sasa bomba. Moshi unaotoka kwenye hita ndogo huwa na joto la kati ya nyuzi 200 na 400, kutegemea hita imewashwa kwa nguvu gani. Vitu vinavyoishi chini ya lori havikuumbwa kwa joto hilo. Dizeli yenyewe inaweza kujiwasha bila cheche ikifika karibu na nyuzi 210. Mabomba ya nailoni yanayopeleka upepo kwenye breki huhimili takriban nyuzi 93, na yakipita hapo hulainika. Fomu nyeupe ambayo watu hujaza kwenye kuta za magari wanayoyageuza nyumba huanza kulegea kabla hata maji hayajachemka. Mbao ndiyo inayodanganya zaidi. Iliyokaa miaka karibu na bomba la moto hukauka, hugeuka rangi, na pole pole hufikia hali ya kushika moto kwa joto ambalo mbao mpya ingelivumilia. Kwa hiyo sakafu ya mbao iliyopita salama msimu wa kwanza haijathibitisha lolote kuhusu msimu wa tano.

Hao majirani ndio sababu ya kitambaa. Nasisitiza kwa sababu wengi hufikiri bomba hufungwa ili kibanda kipate joto zaidi. La. Kati ya joto lote la dizeli, karibu moja ya tano huondoka na moshi, na likishaingia kwenye bomba limeshaaga. Ukilifunga bomba kwa pamba ya dunia nzima halitarudi kitandani. Kihami kinalinda kilicho karibu na bomba. Basi swali la kwanza si kitambaa gani kinunuliwe. Swali la kwanza ni bomba limepita wapi, na je, lisingeweza kupita kwingine? Mara nyingi bomba likisogezwa upana wa kiganja kutoka kwenye waya au tangi, haja ya kitambaa inaisha yenyewe. Nampa heshima kubwa fundi anayeanza kwa kulala chini ya gari na kutazama tu, kabla hajashika drili.

Mahali ambapo bomba haliwezi kukwepa, kama pale linapotoboa sakafu au linapopita nyuma ya sanduku la betri, ndipo uchaguzi unapoanza. Faibaglasi ya kawaida huvumilia karibu nyuzi 540 mfululizo, nayo inatosha kabisa kwa hita ndogo. Utepe wa basalti, unaofumwa kwa nyuzi za jiwe la volkano lililoyeyushwa, huvumilia zaidi, haukatikikatiki upesi kwenye mikunjo, na ndio ninaoupenda. Nyuzi za silika hufika karibu nyuzi 980, na za seramiki hupita 1,200. Wauzaji hupenda kuzitangaza namba hizo kubwa, lakini hita yenye moshi wa nyuzi 400 haina haja nazo, na nyuzi za seramiki zina lawama yake: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeziweka katika kundi la vitu vinavyoweza kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Kuna pia soksi nzuri ya faibaglasi iliyopakwa mpira wa silikoni, laini mkononi, isiyonyonya maji. Hiyo huvumilia takriban nyuzi 260 mfululizo, kwa hiyo inafaa mbali na hita, karibu na mwisho wa bomba, na haifai kwenye mdomo wa hita ambako moshi bado ni mkali.

Wazee wetu wa gereji walifunga mabomba kwa kamba ya asbesto, na kwa joto peke yake hakukuwa na kitu kilichoishinda. Iliwamaliza kwa mapafu, miaka ishirini au arobaini baada ya kazi. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ukakamilisha katazo lake mwaka 2005, na Marekani mwaka 2024 ikatoa kanuni ya kuikataza aina ya mwisho iliyokuwa bado ikitumika huko. Ukikuta bomba la zamani limefungwa kamba ya kijivu-nyeupe inayovunjika kama unga, usiikwangue kwa bisibisi wala kuipuliza kwa upepo. Ilowanishe, iache, na umwite anayejua kuiondoa.

Joto, hata hivyo, si adui mkuu wa kitambaa. Adui ni maji, na haya huja kutoka pande mbili. Upande wa ndani, kila lita ya dizeli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji. Watu hukataa kuliamini jambo hili mpaka waone matone yakidondoka mwisho wa bomba. Hidrojeni iliyomo katika mafuta hushikana na oksijeni ya hewa, hutoka kama mvuke, na bomba likiwa baridi mvuke hugeuka maji ndani yake. Maji hayo yana ukali wa asidi kidogo. Yakikusanyika mahali bomba lilipolegea na kufanya tumbo, hula chuma kutoka ndani, na usiku wa baridi kali huweza kuganda na kuuziba moshi njia. Hapa kitambaa kina faida yake ya pili: bomba lililohamiwa hubaki na joto, na mvuke mwingi hutoka nje kabla ya kugeuka maji. Lakini hakiondoi haja ya mteremko. Bomba lazima lishuke mfululizo kutoka kwenye hita hadi mdomoni, na kama kuna mahali pa chini pasipokwepeka, patobolewe tundu la milimita chache la kutolea maji, huko nje, chini ya gari, mbali na kila upenyo wa kibandani.

Upande wa nje, kuna barabara. Katika majimbo ya theluji barabara humwagiwa chumvi majira yote ya baridi, na magurudumu huirusha juu ikiwa imeyeyuka. Utepe ulio wazi chini ya gari huinywa, huishikilia dhidi ya bomba, hukauka hita ikiwaka, hulowa tena asubuhi. Bomba linaloletwa na hita nyingi ni la stenlesi nyembamba yenye makunyanzi, na stenlesi, pamoja na sifa zake zote, haipatani na chumvi iliyokaa juu yake kwa muda mrefu: hutobolewa vitundu vidogo vya ncha ya sindano. Ndiyo maana siungi mkono desturi ya kulizungushia bomba zima kitambaa toka mwanzo hadi mwisho kwa sababu tu linapendeza likiwa hivyo. Funga panapohitaji. Kwingine tumia ngao: kipande cha bati la alumini kilichosimama kati ya bomba na jirani yake, kikiwa na nafasi ya hewa pande zote mbili. Hewa ni kihami kizuri, haina bei, haishiki chumvi, wala haimfichi mtu chochote.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya mikono iliyotulia. Nimemtazama akiifanya fundi mmoja mzaliwa wa Mombasa, mtu mzima, ambaye huwafungia hita madereva wa huku Minnesota. Kwanza huvaa glavu, barakoa na shati la mikono mirefu, kwa kuwa vumbi la faibaglasi huwasha ngozi kwa siku nzima na halina kazi njema kifuani. Huuloweka utepe kwenye ndoo ya maji: vumbi hutulia, na utepe uliolowa hukaza zaidi ukikauka. Kisha huanzia chini, upande wa mdomo wa bomba, akipanda kuelekea kwenye hita, kila mzunguko ukilalia theluthi ya ule uliotangulia, kama paa la makuti linavyoezekwa kuanzia ukingoni kwenda juu, ili maji yanayoteremka yapite juu ya mshono yasiingie chini yake. Huvuta kwa nguvu iliyo sawasawa. Akifika mwisho hufunga kwa waya au tepe ya stenlesi, na ncha ya waya huikunja ndani isije ikamchana mkono atakayekuja baadaye. Zile kamba za plastiki za kubania nyaya hazimo katika mkoba wake kabisa, wala utepe wa foili wenye gundi, ambao gundi yake hukata tamaa mapema kuliko bomba.

Kilichonivutia zaidi ni alichokiacha wazi. Klipu ya kwanza, inayolishika bomba kwenye mdomo wa hita, hakuifunga. Klipu ya sailensa hakuifunga. Tundu la kutolea maji hakulifunga, na sentimita chache za mwisho wa bomba alizibakisha tupu ili utepe usinywe yale matone. Mwenye gari, kijana wa Kikongo aliyekuwa na mzigo wa kuwahi Chicago, alikuwa amesimama pembeni akipuliza vidole.

“Mzee, funga yote tu, niko na haraka.”

“Nikikufungia yote, mwanangu, utalala wewe, lakini mimi sitolala.”

Kisha akamwashia hita, akaiweka kwenye nguvu ya juu, akaingia tena chini na tochi, akaanza kuzitazama klipu moja moja. Alikuwa akitafuta masizi. Moshi unaovuja huacha alama nyeusi pembeni mwa kiungo, nyembamba mwanzoni, ambayo huonekana tu kama kiungo kiko wazi. Kijana alisubiri. Sijui kama alielewa wakati ule anachofanyiwa, lakini alisubiri, na mimi nikaona nimeoneshwa jambo lote ninalolisema hapa kwa vitendo.

Kitambaa hakizibi uvujaji. Kinauchuja masizi, kinauficha macho, kisha kinauachia gesi iende itakako. Kiungo kilicholegea chini ya utepe mzuri wa basalti kitaendelea kuvuja, na utepe ukiwa safi kwa nje kila anayepita ataona kazi imekamilika. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Basi utaratibu ni huu, na sioni pa kuupunguza: viungo vikazwe na kupakwa gundi ya ekzosi inayostahimili moto, hita iwashwe bomba likiwa uchi, vikaguliwe, na ndipo kitambaa kifuate. Panapolazimu kiungo kufunikwa kwa sababu kiko karibu mno na mbao, kifunikwe kwa kipande chake cha peke yake kinachofunguka bila kubomoa kingine. Na kiungo kisiwe ndani ya kibanda kamwe kama kuna namna yoyote ya kukitoa nje. Sailensa vilevile. Zile zinazokuja katika boksi mara nyingi zimekunjwa tu kwenye mishono, hazikuchomelewa, na huvuja kidogo hata zikiwa mpya. Mahali pake ni nje ya sakafu.

Gesi ninayoizungumzia haina ugeni kwetu. Ni monoksidi ya kaboni, ile ile inayoua familia Njombe, Mbeya na Limuru pale jiko la mkaa linapoingizwa chumbani usiku wa baridi na dirisha kufungwa. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, kwa hiyo hata kiasi kidogo hewani hujikusanya mwilini saa hadi saa. Aliye macho hupata kichwa kuuma na kichefuchefu, akadhani ni mafua au uchovu wa safari. Aliyelala hapati onyo lolote. Kila mmoja wetu amesikia kisa cha jiko, na ndiyo maana hushangaza kumwona mtu aliyekatazwa na bibi yake kulala na jiko akilala bila wasiwasi juu ya hita ambayo hajawahi kuitazama bomba. Pengine ni kwa sababu jiko huonekana lina moto, na hita huonekana ni kifaa tu.

Nchi zilizoishi na hita hizi kwa muda mrefu zimejifunza kutoitegemea pua. Kanuni namba 122 ya Umoja wa Mataifa kuhusu hita za magari inataka mdomo wa bomba la moshi uwekwe mahali ambapo moshi hautarudi ndani kupitia madirisha au matundu ya hewa. Katika mifereji ya Uingereza, ambako maelfu ya watu huishi ndani ya mashua nyembamba za chuma, kengele ya monoksidi ya kaboni imekuwa sharti la cheti cha usalama wa chombo tangu Aprili 2019. Huko bomba hutoka kwenye ubavu wa mashua, karibu na maji, kwa hiyo hupandishwa juu kwanza na kufanya shingo kabla ya kushuka nje, ili wimbi lisiingie kwenye hita. Kwa vile hupita ndani ya chumba cha injini kwenye nyaya na mafuta, kitambaa si jambo la hiari. Waliofunga hita kwenye mashua ndio walionifundisha kwamba kihami, kengele na ukaguzi ni kitu kimoja chenye sehemu tatu, na anayenunua sehemu moja hajanunua.

Kuna jambo moja huwatisha wanaoanza, nami nalitaja ili lisiwatishe bure. Utepe mpya ukipata moto mara ya kwanza hutoa moshi na harufu ya kuungua, kwa sababu ya mafuta na gundi zilizotumika kuufuma. Hilo huisha baada ya saa moja au mbili. Lakini hizo saa zifanyike mchana, gari likiwa uwanjani, milango wazi, na mtu yeyote asiwe amelala ndani. Harufu hiyo ikirudi wiki zijazo, si ya utepe tena. Kuna tone la dizeli lililodondokea kitambaa au kuna kitu kinachoungua, na kitambaa kilichonywa dizeli hakioshwi wala kuanikwa. Hukatwa kikatupwa, na chanzo cha tone kikatafutwa. Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona watu wakikigeuza upande wa pili na kukifunga tena ili kuokoa dola ishirini.

Wewe unayesoma haya ukiwa na kitanda nyuma ya usukani, au una ndugu mwenye kitanda hicho, nina ombi. Kabla msimu wa theluji haujaanza, muulize aliyekufungia hita viungo viko wapi, kisha lala chini ya gari uvione kwa macho yako. Ambapo kitambaa kimefunika kiungo, kifungue. Ukikuta masizi, usiwashe hita mpaka kiungo kirekebishwe. Ukikuta utepe umelowa na kushika chumvi, ubadilishe wote. Theluji ikianguka usiku, shuka uhakikishe mdomo wa bomba haujazikwa. Na nunua kengele ya monoksidi ya kaboni, bei yake ni ndogo kuliko tangi moja la dizeli. Ifunge karibu na unapoweka kichwa, na betri yake uijaribu kila mwezi. Ikilia, toka nje kwanza. Sababu utaitafuta ukiwa hewani.